Wewe Umekuwa Nyerere Lini?



Wiki jana nilirudisha bahasha. Ilikuwa kwenye mkutano na waandishi wa habari, ukumbi wa hoteli moja hapa Dar es Salaam. Mnaoijua kazi yetu mnajua mambo yanavyokwenda. Unasikiliza hotuba, unakula sambusa mbili na soda, unasaini jina lako kwenye karatasi mlangoni, unakabidhiwa bahasha ya kaki. Ndani mna shilingi 30,000. Inaitwa nauli. Nauli ya kutoka Posta hadi Sinza kwa gari gani, sijui.

Sijifanyi malaika. Nimewahi kupokea. Lakini siku ile habari niliyokuwa nayo mkononi haikuwa ile waliyotaka iandikwe, na ile bahasha ilikuwa nene kidogo kuliko kawaida. Nikamwambia dada wa mapokezi asante, nikatoka.

Kwenye daladala nilikaa na kaka mmoja wa gazeti jingine, mkongwe, aliyenifundisha mengi. Aliniona nikirudisha. Akaniuliza taratibu, “Mdogo wangu, waliokupa wamepungukiwa nini? Kesho watatoa tena. Mdogo wako wa chuo anadaiwa ada, mwenyewe uliniambia. Sasa umemkomoa nani?” Kabla sijajibu akaongeza, “Na wewe umekuwa Nyerere lini?”

Abiria wa mbele wakacheka. Nami nikacheka. Usiku usingizi ukagoma.

Maana swali la kaka yule lina ncha mbili. Ya kwanza, inakuwaje mtu akatae kitu chenye faida kwake kwa sababu tu “haiwezekani”? Ya pili ndiyo iliyonichoma: akikataa, nani analipa? Nikaona niende kwa huyo huyo Nyerere niliyesimangwa naye. Tunamtaja Mwalimu kila siku. Mara ngapi tunakaa chini na kutazama siku aliposema hapana, tukahesabu risiti?

Tuanze na mwaka 1965, maana mwaka huo alisema hapana mara mbili, kwa wakubwa wawili.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Ujerumani iligawanyika. Magharibi makao makuu yalikuwa Bonn, Mashariki yalikuwa Berlin Mashariki. Bonn ilikuwa na kanuni yake iliyojulikana kwa jina la Hallstein: nchi yoyote itakayoitambua Ujerumani Mashariki itahesabiwa kuwa imefanya jambo lisilo la kirafiki, na huenda uhusiano ukavunjwa. Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, iliitambua Ujerumani Mashariki, na Wajerumani wale wakafika mapema na miradi. Ukipita Kikwajuni leo bado unayaona magorofa ya urafiki ule.

Halafu Aprili 26, 1964, Tanganyika na Zanzibar zikaungana. Nchi moja ikajikuta na Wajerumani wawili, mmoja Dar es Salaam na mmoja Unguja, ambao hawakutaka kukaa meza moja. Karume na wenzake hawakutaka kuwafukuza marafiki zao. Bonn haikutaka kumwona mwenzake kabisa.

Mwalimu akatafuta njia ya katikati. Ubalozi wa Ujerumani Mashariki ulioko Zanzibar ufungwe, badala yake wawe na ofisi ya konseli mkuu Dar es Salaam, bila Tanzania kuitambua nchi hiyo rasmi. Angalieni vizuri hapo. Huyu si mtu asiyekubali mapatano. Alikuwa amekwisha kupatana. Alikata huku na huku ili pande zote zipate kitu.

Februari 1965 Bonn ikasema haitoshi. Ikawaondoa wataalamu wake wa kijeshi waliokuwa wakitusaidia kuunda kikosi cha anga. Na msisahau hali ya jeshi letu wakati ule. Januari 1964 askari waliasi, serikali ikalazimika kuwaita wanajeshi wa Uingereza kuja kuwazima. Aibu iliyoje kwa nchi iliyopata uhuru Desemba 1961! Jeshi jipya, JWTZ, lilizaliwa Septemba 1964. Kwa hiyo wakufunzi wale walipofunga mizigo lilikuwa pigo mahali panapouma. Na ujumbe ulisomeka bila miwani: mkiendelea, na mengine yanaweza kufuata.

Mtu wa hesabu angefanya nini? Angekaa kimya, angewatuma mawaziri Bonn, angebembeleza. Mwalimu alifanya kinyume. Aliwaambia waondoe na misaada mingine ya serikali yao iliyobaki.

Ukisoma haraka utasema hasira. Lakini hasira hufanya mambo mengi kwa pamoja, na yeye hakuyafanya. Hakuvunja uhusiano na Bonn. Hakukimbilia kuitambua Ujerumani Mashariki ili kuwakomoa. Alibaki palepale kwenye mapatano yake. Kilichobadilika ni kwamba swali lilikuwa limegeuka. Mwanzo lilikuwa swali la ofisi ya konseli, jambo linalojadilika. Bonn ilipoweka msaada mezani kama fimbo, likawa swali jingine: je, mwenye fedha ndiye atakayetuamulia marafiki? Hilo halikuwa na bei.

Kiswahili kina neno zuri kwa jambo la namna hiyo. Mwiko. Bibi zetu walijua: kitu cha mwiko hakipimwi kwa kibaba. Ukimwambia mtu wa ukoo fulani kwamba nyama ile anayoikataa utampunguzia bei, hujamshawishi, umemtukana.

Siku hizi wanasaikolojia wanalipima jambo hili. Mwaka 2000 Philip Tetlock na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu walisimuliwa kisa cha mkurugenzi wa hospitali. Achague: aokoe maisha ya mtoto mmoja, au dola milioni moja zibaki kwa mahitaji mengine ya hospitali. Mkurugenzi aliyechagua fedha aliwachukiza watu, hilo linaeleweka. Cha ajabu, hata yule aliyemchagua mtoto, ila baada ya kufikiri kwa muda mrefu, alitiliwa shaka. Kule kukaa na kupiga hesabu tu kulitosha kumchafua.

Mwaka 2007 Jeremy Ginges, Scott Atran na wenzao wakachapisha utafiti walioufanya kwa Wapalestina na walowezi wa Kiisraeli. Waliwapa mapendekezo ya amani ya kufikirika yaliyogusa miiko yao, kama ardhi na haki ya wakimbizi kurudi. Kwa wale walioyaona mambo hayo kuwa ya mwiko, kuongeza fedha juu ya pendekezo hakukuwalainisha. Kuliwapandisha hasira. Kilichowapoza ni pale adui naye alipokubali kuachia jambo zito la kwake mwenyewe. Yaani heshima ilifanya kazi ambayo fedha iliiharibu.

Sasa rudini Februari 1965. Bonn ilidhani inaongeza uzito upande wa ndiyo. Kumbe ilikuwa inapakia upande wa hapana.

Mara ya pili ilikuja kabla mwaka haujaisha, na ilikuwa kubwa zaidi.

Novemba 11, 1965, Ian Smith na serikali yake ya walowezi wakajitangazia uhuru Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Wazungu wasiofika 250,000 juu ya Waafrika zaidi ya milioni 4. Rhodesia ilikuwa koloni la Uingereza, kwa hiyo Afrika nzima ikageuka kumtazama Waziri Mkuu Harold Wilson. Wilson akaweka vikwazo vya uchumi, lakini akasema hatatumia nguvu za kijeshi.

Mwanzoni mwa Desemba mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Addis Ababa wakaazimia: kama Uingereza haitakuwa imeuzima uasi ule ifikapo Desemba 15, nchi zote wanachama zivunje uhusiano nayo. Azimio zuri, makofi mengi. Umoja ule ulikuwa na nchi zaidi ya 30. Siku ilipofika, nchi zilizotekeleza azimio lao wenyewe hazikufika hata 10.

Tanzania ilikuwa mojawapo. Kutoka Jumuiya ya Madola tulikuwa sisi na Ghana tu.

Desemba 14 Mwalimu alikwenda Bungeni kueleza kwa nini. Hoja yake ilihusu heshima ya Afrika: kwamba bara linaloazimia jambo mbele ya dunia nzima, kisha likanywea siku ya kutekeleza, litakuwa limejifundisha lenyewe kwamba maneno yake hayana uzito. Na alijua gharama. Kulikuwa na mkopo wa Uingereza wa pauni milioni 7.5 uliokuwa umekwisha kukubaliwa, umebaki kusainiwa. Mkopo ule ukazuiwa. Kwa nchi changa yenye mpango wake wa maendeleo wa miaka mitano uliotegemea sana fedha za nje, hiyo ni shule, barabara na visima vilivyobaki kwenye karatasi.

Na hapa tena, tazameni asichokifanya. Hakutoka Jumuiya ya Madola. Alisema Jumuiya si mali ya Uingereza, ni ya wanachama wote. Hakumlaumu Kenneth Kaunda wa Zambia kwa kutovunja uhusiano, maana Zambia ilikuwa imefungwa na Rhodesia kwa reli, kwa makaa ya mawe na kwa umeme wa Kariba. Na Julai 1968 uhusiano na Uingereza ukarudishwa, ingawa Smith alikuwa bado amekalia kiti.

Jambo jingine. Alichokitaka Mwalimu kwa Uingereza tangu mwanzo hakikuwa fedha. Kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola wa Juni 1965, London, alijitenga na sehemu ya tamko la pamoja iliyohusu Rhodesia kwa sababu Uingereza haikutaka kuahidi wazi kwamba hakuna uhuru kabla ya utawala wa walio wengi. Neno moja tu. Lilikuwa halina hata senti ndani yake. Wilson alikuja kulitamka Desemba 1966, baada ya mazungumzo yake na Smith kukwama. Mwaka mzima umekwisha kupita.

Kwa hiyo somo la kwanza nililolipata usiku ule ni hili: mwenye mwiko wa kweli si mtu mgumu kwa kila kitu. Ni mlaini kwa mengi, kwa sababu anajua lipi ni lipi. Asiye na mwiko ndiye anayegombana kwa kila jambo, kwani kila jambo kwake ni bei.

Na hapana moja huzaa maamuzi mengine. Reli ya Zambia ilipitia Rhodesia, basi ikabidi ipatikane njia nyingine. Benki ya Dunia na nchi za Magharibi zilisema reli mpya haina faida. Kwa mizania ya vitabu vyao huenda walikuwa sahihi. Lakini Nyerere na Kaunda hawakuwa wakitafuta faida ya reli, walikuwa wakitafuta mlango usioshikwa na Smith. Bomba la mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola likaanza kazi mwaka 1968. Wachina wakatoa mkopo usio na riba, TAZARA ikajengwa kuanzia 1970, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa mwaka 1976. Kikosi cha anga nacho kilipata walimu wengine, Wakanada. Na Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, likisema wazi kwamba tumekosea kudhani fedha za wengine ndizo zitakazotuletea maendeleo. Sidhani kwamba sentensi zile zingeandikwa kwa ukali ule kama si mwaka 1965.

Lakini waungwana, tusigeuze makala hii kuwa wimbo wa sifa. Kaka yangu wa daladala bado anasubiri jibu la swali lake la pili. Nani alilipa?

Kwanza tumsikilize mtu wa upande wa pili. Kamuzu Banda wa Malawi mwaka 1967 alifungua uhusiano wa kibalozi na Afrika Kusini ya makaburu. Afrika nzima ikamzomea. Yeye akasema nchi yake ni maskini, haina bandari, vijana wake wanafanya kazi kwenye migodi ya Afrika Kusini, na hana anasa ya kununa. Makaburu wakampa mkopo wa kujenga mji mkuu mpya, Lilongwe. Unaweza kumchukia Banda kwa mengi, na sababu zipo tele, lakini huwezi kusema hoja yake haina kichwa wala miguu. Ndiyo hoja ya kaka yangu, ila imevaa suti.

Sasa tuje kwetu. Januari 25, 1971, Idi Amin alimpindua Milton Obote. Mwalimu akampa Obote hifadhi na akakataa kukaa meza moja na Amin. Alimwona ni muuaji, na historia ikaja kuthibitisha. Ila Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoundwa kwa mkataba wa Kampala wa 1967, iliongozwa na marais watatu wakikutana. Baada ya mapinduzi yale hawakukutana tena kama mamlaka ya Jumuiya. Siyo hilo tu lililoiua, la hasha. Kulikuwa na ugomvi wa nani anafaidi zaidi, kulikuwa na Kenya ya kibepari na Tanzania ya ujamaa. Lakini nyumba ambayo wazee wake hawakai pamoja, paa lake likivuja nani ataamua kuliziba? Mwaka 1977 Jumuiya ikafa. Mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983.

Na nani alilipa? Muulize mzee yeyote aliyekuwa fundi wa reli, karani wa posta au mhudumu wa shirika la ndege la Jumuiya. Wastaafu wale walihangaika miaka na miaka wakidai mafao yao, mahakamani na barabarani. Tuliokua Dar es Salaam miaka ya 2000 tunawakumbuka, wazee wa watu wameketi juani na mafaili yao ya plastiki. Hakuna aliyewauliza kama Amin ni mwiko wao pia.

Je, nasema Mwalimu angekaa na Amin? Hapana. Uganda yenyewe ililia damu, na Amin alipoivamia Kagera mwaka 1978 hakuacha nafasi ya mjadala. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Ninachosema ni kwamba hata hapana iliyo sahihi ina risiti, na risiti ile ina majina ya watu.

Baada ya vita Mwalimu alituambia tufunge mikanda kwa miezi 18. Wazazi wetu wanaikumbuka ile 18 kama Waislamu wanavyokumbuka siku za mfungo, tofauti yake ni kwamba mwezi wa Idi haukuandama. Miezi 18 ikapita, mikanda ikaendelea kuongezwa matundu. Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, lilitaka shilingi ishushwe thamani na serikali ipunguze matumizi. Mwalimu akakataa. Mwanzoni mwa mwaka 1980 aliwahutubia mabalozi akahoji ni nani aliyelifanya shirika lile kuwa wizara ya fedha ya dunia. Swali zuri, hata leo ni zuri. Ila nyumbani sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ya foleni, na unga ni wa yale mahindi ya njano ya msaada yaliyobatizwa yanga. Kiswahili chetu kina mambo: mwiko ni katazo, na mwiko ni kile kijiti cha kusongea ugali. Miaka ile mwiko wa Ikulu uliingia moja kwa moja kwenye mwiko wa jikoni.

Hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na wanaomsifu bila kupumua. Mwaka 1965 alijua vizuri lipi ni mwiko na lipi ni kamba tu ya kuufungia. Konseli ni kamba, uhuru wa kuamua ni mwiko. Je, kiwango cha shilingi kilikuwa mwiko? Naona hapana, kilikuwa kamba. Thamani ya fedha ni chombo, kama jembe. Mwiko ulikuwa elimu na tiba bila malipo kwa mtoto wa mkulima, na ni kweli masharti yale yaligusa na huko. Mwinyi alipoingia Novemba 1985 akafungua milango, mkataba na IMF ukasainiwa mwaka 1986, bidhaa zikarudi madukani. Na ada za shule ya msingi nazo zikarudi, hadi zilipofutwa tena mwaka 2001. Kwa hiyo Mwalimu hakuwa akiogopa kivuli. Tatizo ni kwamba kamba na mwiko vilikuwa vimesokotwa pamoja, na aliposhika vyote kwa nguvu moja, wananchi ndio walioning'inia mwishoni.

Jambo la mwisho, na hili linaniuma kama kijana wa leo. Azimio la Arusha lilikuwa na miiko ya uongozi. Kiongozi asiwe na mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni binafsi. Miiko ile bei yake ililipwa na viongozi wenyewe, si na mkulima wa Songea wala mama wa foleni ya sukari. Mnajua ilichukua muda gani? Februari 1991, Zanzibar, chama kiliilegeza. Mwalimu alikuwa ameng'atuka uenyekiti mwaka uliotangulia.

Tafakarini hapo. Mikanda ya wananchi ilikazwa mwaka baada ya mwaka. Ya viongozi ilifunguliwa kwa kikao.

Kwa hiyo kipimo changu sasa ni maswali mawili, na nayaandika hapa ili mnisute siku nikiyasahau. Kwanza: huu ni mwiko, au ni kamba ninayoing'ang'ania kwa sababu ya kiburi? Pili: bei nalipa mimi, au namsainisha mtu mwingine bila kumwambia? Desemba 1965 Mwalimu alikwenda Bungeni akaeleza kabla ya kuvunja uhusiano. Watu walijua wanaingia wapi na kwa nini. Ndiyo maana hapana ile inasimuliwa kwa kujivuna hata na wazee walioonja ukali wake. Hapana ambayo watu walitajiwa miezi 18 kisha ikawa miaka, hiyo inasimuliwa kwa kuguna.

Na mimi? Jumapili nilimpigia simu mdogo wangu, nikamweleza habari ya bahasha. Nilikuwa nimemwahidi kumtumia hela ya ada wiki ile, na ile 30,000 nilikuwa nimeshaihesabu kichwani kabla hata sijaingia ukumbini. Nilitarajia anipongeze au anifokee, chochote kati ya hivyo kingenifaa.

Akakaa kimya kidogo. Halafu akasema, “Poa, dada. Ila siku nyingine uniambie mapema, nijue natafuta wapi.”

Habari niliyoikataa bahasha kwa ajili yake imeandikwa. Mhariri ameikata aya mbili za mwisho. Ada bado pungufu, na leo jioni naenda kumwona kaka yangu wa daladala anikopeshe.